Bembea juu ya ardhi iliyoganda

Ukitaka kujua kama uwanja wa watoto huko kaskazini mwa Kanada una afya, usianze na bembea. Inama utazame nguzo pale inapozama ardhini. Ukikuta ufa umeizunguka kama pete, upana wa kidole kimoja au viwili, na zege la msingi limeanza kuchungulia juu kama jino linaloota, jua uwanja huo umeshaanza kung'olewa. Anayeung'oa hana haraka. Ni maji yanayoganda na kuyeyuka, mwaka baada ya mwaka.

Naandika kwa kirefu kwa sababu nia njema hupotelea hapo. Watu huchanga fedha, hununua seti nzuri ya bembea na mitelezo kutoka kwenye katalogi, huisafirisha maelfu ya kilomita, kisha huichimbia mashimo na kuimwagia zege kama ambavyo wangefanya Toronto. Baada ya misimu michache bembea imeinama, mtelezo umejitenga na jukwaa lake, halmashauri ya kijiji imelazimika kuufunga uwanja, na watoto wamerudi kucheza juu ya makontena ya meli. Msimamo wangu ni huu: kaskazini, uwanja hubuniwa kuanzia udongo na ratiba ya meli, ndipo vifaa vichaguliwe. Anayeanza na vifaa ananunua chuma chakavu cha kesho.

Nunavut, eneo la Wainuit (wenyeji wa asili wa Aktiki) lililoanza kuwa na serikali yake ndani ya Kanada tarehe 1 Aprili 1999, ni kubwa zaidi ya mara mbili ya Tanzania. Sensa ya 2021 ilihesabu humo watu 36,858 tu, katika makazi 25. Hakuna barabara inayounganisha makazi hayo, wala inayotoka kusini kuyafikia. Karibu theluthi moja ya wakazi ni watoto chini ya miaka 15, na kiangazi, jua linapokaa angani karibu usiku kucha, watoto hubembea hata saa sita za usiku. Kusini kidogo, kaskazini mwa Ontario na Manitoba, wapo Wakree, Waojibwe na Waoji-Kree ambao vijiji vyao vingi hufikiwa kwa ndege mwaka mzima na kwa barabara ya barafu kwa wiki chache tu. Mengi nitakayoeleza yanahusu pande zote mbili; panapotofautiana nitasema.

Chini ya nguzo

Katika sehemu kubwa ya Nunavut ardhi imeganda kwa kudumu, na kila kiangazi hulainika tabaka la juu tu. Huko kaskazini kabisa tabaka hilo laweza kuishia nusu mita. Kusini zaidi likafika mita mbili. Baridi ikirudi, huganda upya. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, lakini hilo peke yake lisingeleta balaa. Balaa huletwa na udongo wa chembe laini sana, ule unaoshikana kama unga uliolowa. Udongo huo hunyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na pale baridi ilipofikia hujengeka matabaka membamba ya barafu tupu, moja juu ya jingine. Kila tabaka huinua kilicho juu yake. Wakati huo huo udongo ulioganda huushika ubavu wa nguzo kama gundi na kupanda nao. Chini ya nguzo hubaki uwazi, tope huingia, na kiangazi kikifika nguzo haina pa kurudi. Ikipanda sentimita 2 tu kwa mwaka, ndani ya miaka 5 ni sentimita 10; na nguzo nne za jukwaa moja hazipandi kwa kipimo kimoja.

Huku kwetu adui wa nguzo ni mchwa, na pwani ni kutu ya chumvi. Aliyezoea maadui hao hudhani dawa ni kuchimba zaidi na kumwaga zege nene. Kule zege nene, lenye ubavu mpana na wenye mikwaruzo, huipa barafu mahali pazuri zaidi pa kushika. Na kuchimba kwenyewe kuna gharama yake. Mimea mifupi inayoifunika tundra, nchi hiyo ya baridi isiyo na miti, ni blanketi. Ukiikwangua, jua hupiga udongo mtupu, barafu ya chini huyeyuka, na eneo zima hudidimia likawa dimbwi. Kwa hiyo usikwangue. Jaza juu.

Mwamba ukiwa karibu una bahati, na makazi mengi ya Nunavut yamekaa juu ya miamba ya kale ya Ngao ya Kanada au kando yake. Toboa kwa mashine ya kutoboa miamba, ingia angalau nusu mita ndani ya mwamba mzima (ule uliopasukapasuka wa juu hauhesabiwi), puliza vumbi lote kwa hewa ya kompresa, ingiza nondo yenye uzi wa skrubu pamoja na grauti (rojo la saruji la kujazia) isiyosinyaa, kisha funga sahani ya kitako juu yake. Kinachoharibika hapa mara nyingi ni usafi: vumbi likibaki tunduni, grauti hushika vumbi badala ya mwamba, na nondo hutoka kwa kuvutwa. Kingine ni baridi ya mwamba wenyewe. Hewa inaweza kuwa nyuzi 12 na mwamba bado uko nyuzi 2. Pima joto la mwamba, halafu usome lebo ya mfuko wa grauti.

Pasipo na mwamba, jenga tuta la kokoto. Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu greda na lori la kuifanya vipo karibu kila kijiji. Tandaza kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo, juu ya mimea kama ilivyo. Mimina kokoto safi zisizo na udongo laini, shindilia kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, mpaka tuta lifike angalau sentimita 60 na liwe pana kuliko vifaa kwa mita 2 kila upande. Pale ardhi ya chini ina barafu nyingi, laza ndani ya tuta mabamba ya povu gumu la polistairini yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, katika safu mbili, na viungo vya safu ya juu visikutane na vya chini. Uso wa tuta uwe na mteremko wa asilimia 2, na maji ya Juni, theluji inapoyeyuka yote kwa pamoja, yapewe mtaro wa kuyapeleka mbali. Kanada ina kiwango maalumu cha mifereji ya makazi ya kaskazini, CSA S503 (CSA ni shirika la viwango la huko). Kinastahili kusomwa kabla ya katalogi yoyote ya bembea.

Juu ya tuta usisimamishe nguzo moja moja. Funga vifaa vyote kwenye fremu moja ya chuma iliyolala, na kati ya fremu na pedi zake weka jeki za skrubu, kama zile ambazo nyumba nyingi za huko hukalia. Ardhi ikicheza, fremu hucheza ikiwa kitu kimoja, na fundi wa nyumba wa pale pale kijijini tayari anajua kuinyoosha kwa spana kubwa na pimamaji. Fremu ikae chini ya tabaka la kinga ili mtoto asiangukie chuma, na juu ya kila jeki kuwe na kifuniko kinachofunguliwa bila kuhamisha nusu ya uwanja.

Fremu isiyochimbiwa inahitaji uzito, na hapa wengi hawapigi hesabu. Chukua vijana wawili wa kilo 80 kila mmoja, maana bembea ya watoto usiku hukaliwa na wakubwa. Wakibembea kwa pamoja hadi digrii 60, kila mmoja anapopita chini huvuta mnyororo kwa nguvu ya kilo 160, mara mbili ya uzito wake. Njiani, mhimili wa juu husukumwa mbele na nyuma kwa nguvu ya takriban kilo 130. Mhimili ukiwa kwenye kimo cha mita 2.4, nguvu hiyo inatosha kuitikisa fremu nyepesi mpaka itembee. Vitako vipanuliwe kuelekea upande wa kubembea, vilemewe kwa masanduku ya waya yaliyojaa mawe, na mhandisi akadirie watu wazima.

Yapo pia mabomba ya chuma yanayoshushwa mita kadhaa hadi ndani ya ardhi isiyoyeyuka kamwe. Yanafaa, lakini mashine yake huwa kijijini pale tu kuna ujenzi mkubwa. Kama shule inajengwa, omba mashimo yako yatobolewe wiki hiyo hiyo.

Meli na barafu

Vitu vizito vya Nunavut huja kwa meli kati ya mwisho wa Juni na Oktoba, vingi kutoka Valleyfield na Sainte-Catherine karibu na Montreal. Iqaluit ilipata bandari ya kina kirefu mwaka 2023. Kwenye makazi mengi mengine meli hutia nanga mbali, mizigo hushushwa kwenye matishari, na tishari husubiri maji kujaa ndipo lifike ufukweni. Msomaji wa Lamu au Pangani hahitaji kuelezwa maana ya kusubiri maji.

Ratiba ipigwe kinyumenyume. Ardhi huanza kuganda Septemba, kwa hiyo mzigo uliofika mwishoni mwa Agosti haujengwi mwaka huo. Anayelazimisha huishia kumwaga zege kwenye baridi, na zege linaloganda kwa baridi kabla halijashika halifikii nguvu yake. Mpango salama ni wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza mazungumzo na wenyeji, uchunguzi wa udongo, na tuta lijengwe kiangazi ili lipitie angalau baridi moja na kutulia likiwa halina kitu juu. Majira hayo hayo ya baridi, Januari au Februari, agizo liwe limeshafika kiwandani. Makasha yafike bandarini kabla ya siku ya mwisho ya kupokea mzigo, kwa kawaida Juni, na meli ikifika, kila kitu kikae ndani ya kontena hadi kiangazi kinachofuata. Usafirishe mzigo ndani ya kontena unalolinunua kabisa: linakuwa ghala wakati wa baridi, kisha karakana wakati wa kujenga, kisha stoo ya kijiji.

Kabla kasha halijapigiliwa misumari, vifaa vyote viunganishwe kiwandani na kufunguliwa tena. Ni siku mbili za kazi, na ndizo zinazofichua tundu lililokosewa au bolti fupi. Ukikosa bolti kumi kijijini, hakuna duka la kwenda kuzinunua; zitakuja kwa ndege, hali ya hewa ikiruhusu, huku mafundi wako wakilala na kula kwa gharama. Ongeza asilimia 15 ya bolti, nati na washa za kila saizi, na punguza saizi zenyewe. Uwanja mzima unaweza kujengwa kwa bolti ya nusu inchi, ambayo spana yake ni ya robo tatu. Wauzaji husifu bolti zenye vichwa vya pekee ambazo watoto hawawezi kuzifungua. Kaskazini huo ni mtego, kwa sababu ule ufunguo mmoja wa pekee ukipotea hakuna atakayekaza kitu tena. Tumia vichwa vya kawaida vyenye pembe sita na nati za kujifunga, uvifunike kwa vizibo. Kila kipande kigongwe namba kwenye chuma, maana karatasi zilizobandikwa huliwa na unyevu. Makasha yawe chini ya kilo 1,500 ili shovo la kijiji liyabebe bila shida, na vipuri vyote, vipande vinavyoweza kuja kwa ndege ndogo siku za mbele, visizidi mita 3.

Kwa vijiji vya Ontario na Manitoba, meli yao ni barafu ya ziwa. Ontario pekee ina zaidi ya kilomita 3,000 za barabara za baridi, zinazotumika kwa kawaida kati ya Januari na Machi. Kanuni inayotumika sana kukadiria uzito ni kuzidisha unene wa barafu kwa sentimita mara unene huo huo, kisha mara 4. Jibu ni kilo. Barafu ngumu ya rangi ya buluu yenye sentimita 50 hubeba kilo 10,000, yenye mita moja hubeba kilo 40,000. Barafu nyeupe iliyotokana na theluji huhesabiwa nusu ya unene wake. Februari 2024 machifu wa Nishnawbe Aski Nation, muungano wa jamii 49 za kaskazini mwa Ontario, walitangaza hali ya dharura kwa sababu barabara hizo zilishindwa kuganda ipasavyo. Mradi unaotegemea barabara ya barafu uwe na fungu la kusubiri mwaka mmoja zaidi, liandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mzigo ukikatwa vipande vya lori jepesi, nafasi ya kupita huongezeka.

Mahali pa kuangukia

Wakanada hufuata kiwango cha CSA Z614: sakafu ya kinga ienee angalau mita 1.8 kuzunguka kila kifaa, na mbele na nyuma ya bembea iende mara mbili ya kimo cha mhimili. Bembea ya mita 2.4 kwa hiyo hula mita 4.8 kila upande. Uwanja mdogo kabisa wenye bembea mbili na jukwaa hufika kirahisi mita 12 kwa 15, yaani mita za mraba 180. Ukijaza kina cha sentimita 30, ni mita za ujazo 54. Kwa changarawe hiyo ni karibu tani 86. Hakuna anayesafirisha tani 86 za mawe kwa meli. Changarawe itoke hapo hapo, na swali la kwanza kwa halmashauri ni kama wana chekeche la kuchambua changarawe za mviringo zenye ukubwa wa punje ya njegere, na maji ya kuziosha.

Kuosha kuna sababu. Changarawe yenye udongo laini hushika maji, na maji yakiganda uwanja mzima huwa kama zege. Safi, yenye mtaro chini yake, hubaki imelegea muda mrefu zaidi wa mwaka. Mwongozo wa Marekani wa usalama wa viwanja hukadiria kwamba sentimita 23 za changarawe hulinda anguko la hadi mita 1.5, na za mchanga mita 1.2 tu. Vipande vya mbao hulinda vizuri zaidi, lakini kaskazini ya mstari wa miti, pale miti isipoota tena, havipatikani, na upepo hupeperusha vile unavyoleta. Zulia la mpira linalomwagwa papo hapo linahitaji siku kavu na zenye joto mfululizo, jambo ambalo pwani ya Aktiki haliahidiwi na mtu. Vigae vya mpira vilivyotengenezwa kiwandani vinawezekana juu ya tuta lililotulia, ila kingo zake hupinda tuta likicheza, na kingo iliyopinda hukwaza.

Changarawe hata ikiwa bora namna gani, kuna miezi itakayoganda. Basi punguza kimo. Jukwaa lisizidi mita 1.5, na raha ya kupanda juu itafutwe mahali pengine: kwenye kilima. Kilima cha kokoto chenye kimo cha mita 2, kileleni upana wa mita 3, na mteremko wa mita 2.5 kwa kila mita moja ya kimo, huhitaji mita za ujazo 114 hivi. Kwa lori la mita 10 ni safari 12. Laza mtelezo juu ya mteremko wenyewe, ushike ardhi toka juu hadi chini, na mtoto hana pa kuanguka. Theluji ikija, upande wa pili hutumika kwa sleji, vigari vya kuteleza juu ya theluji. Elekeza mwisho wa mteremko mbali na barabara: nyumba nyingi za Nunavut huletewa maji kwa lori, na lori jingine hunyonya majitaka, kwa hiyo magari mazito hupita kila siku. Kama ningeruhusiwa kifaa kimoja tu kwa kijiji kizima, ningechagua kilima.

Theluji huzika vitu kwa utaratibu wake. Haishuki tu, inasafiri na upepo na kulala nyuma ya kila kizuizi. Uzio wa mbao ulio wazi nusu kwa nusu huweka mkia wa theluji wa hadi mara 35 ya kimo chake, hivyo uzio wa mita 1.8 huhitaji kukaa mita 63 kabla ya uwanja, upande unakotoka upepo, na uachwe mwanya chini wa sentimita 20 hivi ili usizikwe wenyewe. Uwanja ukijengwa kwenye kivuli cha upepo cha shule, Februari utakuwa na mita moja ya theluji iliyoshindiliwa ngumu. Mhimili wa bembea wa mita 2.4 unakuwa wa mita 1.4, na mtoto anayekimbia gizani anaugonga kwa paji la uso. Wazee wanajua theluji inalala wapi. Tembea nao Machi, si Julai. Na viti vya bembea vishushwe theluji ikishapanda, kwa pini moja inayofunguka ukiwa na glavu mikononi.

Mwanya wa milimita 89

Kipimo kinachoua watoto viwanjani ni mwanya unaopitisha mwili lakini haupitishi kichwa. Kiwango cha Z614 kinakataza uwazi wowote uliofungwa pande zote wenye upana kati ya milimita 89 na 229. Kaskazini kipimo hicho hakisimami kimya. Mwanya kati ya jukwaa na mtelezo uliokabidhiwa ukiwa milimita 80, salama kabisa, nguzo moja ikipanda sentimita mbili unakuwa 95 au 100, na sasa ni mtego. Uwazi wa milimita 240 chini ya ngazi, barafu ikijaa sentimita 4, unakuwa 200. Ndiyo maana habari ya udongo niliianza mwanzo: jeraha la mtoto huanzia kwenye maji ya Oktoba chini ya nguzo.

Mavazi nayo hubadilisha hesabu. Makoti mazito yana kofia na kamba za kukazia, na kamba hupenda kunasa juu ya mtelezo, pale ubavu unapokutana na jukwaa. Funga kila upenyo hapo na usiruhusu ncha ya bolti kujitokeza hata kidogo. Skafu ibadilishwe na kizuia baridi cha shingo kisicho na ncha. Mishikio iwe myembamba, milimita 25 hadi 30, kwa kuwa glavu huongeza unene na mkono mdogo haukamati bomba nene. Chuma kitupu kisiwe mahali pa kushikwa wala pa kukaribiwa na mdomo. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri ngozi yenye unyevu huganda juu yake papo hapo.

Kuhusu vifaa vyenyewe nitasema machache. Mtelezo wa polithilini hustahimili baridi kali, polipropilini ya kawaida na vinili huvunjika kama kioo, kwa hiyo mnyororo uliovikwa vinili usinunuliwe. Chuma kinachobeba uzito kiwe cha daraja lililopimwa kwa kugongwa kwenye baridi, kama 350WT ya Kanada, katika kundi la nyuzi 45 chini ya sifuri. Na kila bomba lililo wima litobolewe tundu la milimita 10 chini kabisa. Maji huingia juu, hukusanyika kitakoni, huganda, na bomba hupasuka kwa urefu kama muwa. Tundu hilo halina gharama yoyote, na ndilo linalosahaulika. Taa za sola hazina kazi mahali ambapo jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Vuta waya kutoka shuleni.

Watoto wenyewe wana michezo yao

Seti za katalogi hazijui kwamba huko watoto wanarithi michezo iliyozaliwa na nchi yenyewe. Michezo ya Majira ya Baridi ya Aktiki, iliyoanza Yellowknife mwaka 1970, hushindanisha vijana kwa teke la juu la mguu mmoja: unaruka kwa miguu miwili, unapiga shabaha inayoning'inia, unatua kwa mguu ule ule uliopiga. Kifaa chake ni nguzo ya mita 3.2, mkono wa bomba unaopanda na kushuka kwa pini kila sentimita 5, na kamba yenye kitu kidogo cha ngozi ya sili mwishoni. Fundi wa kuchomelea wa kijijini anaitengeneza kwa siku moja. Weka mbili, moja ikianzia sentimita 80 kwa wadogo.

Benchi zisiwe na egemeo. Mama aliyevaa amauti, koti lenye mfuko mgongoni wa kumbebea mtoto, hawezi kuegemea bila kumbana mwanawe. Benchi hizo zikae nyuma ya kizuizi cha upepo, zikitazama uwanja wote. Kwa Churchill huko Manitoba, Arviat huko Nunavut na kwingineko ambako dubu weupe hupita karibu na nyumba, kutazama huko ni ulinzi: hakuna mapango ya plastiki, hakuna bomba la kutambaa lenye mdomo mmoja, hakuna ukuta wa kujificha nyuma yake.

Ukaguzi ni mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Juni ardhi ya juu ikishalainika, na Septemba kabla ya kuganda. Juni, weka pimamaji juu ya fremu, zungusha jeki mpaka povu lirudi katikati, kisha pima kila mwanya upya na ukaze kila nati. Fukua changarawe chini ya bembea, panapotimuliwa zaidi na miguu, uone kama sentimita 30 bado zipo. Septemba, zibua matundu ya maji kwa waya na upake minyororo grisi ya baridi kali. Kazi hiyo ni siku moja kwa watu wawili wa kijijini, walipwe na fedha zao ziwemo kwenye bajeti ya ujenzi kwa miaka 10. Vifaa vyao vikae ndani ya lile kontena, kwenye boksi moja: spana mbili za robo tatu, spana ya jeki, pimamaji ya sentimita 120, bolti za akiba, viti viwili vya bembea, na kibao cha mbao cha milimita 89 kwa 157 cha kupimia mianya. Kibao hicho kipakwe rangi nyekundu na kifungwe kwa kamba kwenye mfuniko wa boksi, maana ndicho cha kwanza kupotea.